Simbi Kwenye Kipochi cha Shija

Penseli ya Shija ilikuwa imepotea tena. Aliingia uani akiburuza miguu kwenye vumbi, daftari kwapani, na mama yake, Milembe, akamjua kwa mwendo huo tu. Milembe alikuwa amekaa barazani akichambua pamba, nyeupe upande huu, yenye madoa upande ule. Hakuinua hata uso.

"Leo umeiangusha wapi?"

"Sijui, mayu," alimjibu mama yake. "Nilikuwa nimeichomeka kwenye soksi."

Iliyotangulia ilikuwa kwenye nywele. Nyingine ilikuwa kwenye mfuko wa sketi, na mfuko wenyewe ulikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Kipochi cha plastiki walichonunua mnadani kilipasuka zamani, zipu ikabaki inaning'inia peke yake. Shija alikuwa darasa la nne, na darasa la nne si mahali pa kwenda mikono mitupu. Asiye na penseli anakaa akiangalia wenzake wakiandika, au anaomba kwa jirani, na jirani naye anayo moja tu.

Baba yake, Mabula, alikuwa anafunga zizi la ng'ombe. Alisema huyu mtoto lazima anazila hizo penseli. Mama yake Mabula, Bibi Minza, alikuwa jikoni akipuliza moto wa kuni. Alicheka mpaka akakohoa. Milembe hakucheka. Alisema atashona kitu cha kuzibeba, na kitu hicho hakitapotea hata Shija mwenyewe akitaka kipotee.

Sasa, Milembe alijua kushona, ila alijua kushona magunia. Alichukua kipande cha kaniki nyeusi kuukuu ya mama mkwe wake, akakikunja kikawa kijifuko chembamba, akakishona kwa hatua ndefu kama anafunga gunia la choroko. Ili ncha za penseli zisivunjike, alijaza pamba kwenye kitako, akaweka kiraka juu yake, akashona kuzunguka mpaka pakatuna. Mdomo aliufunga kwa kamba. Kamba aliifanya ndefu ili Shija akivae shingoni, chini ya shati la shule.

Bibi Minza alipokiona alisema ni kigumu, lakini kimenuna. Akaingia ndani, akatoka na simbi zake, zile kauri ndogo nyeupe za ujana wake. Akazishona chache mbele ya kijifuko, na kikachangamka.

Mtu wa nje angeshtuka hapo hapo. Kitambaa cheusi, kitako kimetuna, simbi mbele, kamba shingoni mwa mtoto. Pale nyumbani hakuna aliyeshtuka, maana wote walikuwa wamekiona tangu kikiwa kipande cha kaniki. Wao waliona penseli tu, na waliridhika.

Penseli haikupotea tena. Shija aliandika kila siku, kila somo. Ulipokuja mtihani wa kufunga muhula akawa wa kwanza, akampita Jenifer, binti wa mkulima mmoja aitwaye Nyanda, ambaye nafasi hiyo ilikuwa kama ya kwao. Wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wanaruka kamba. Shati la Shija likapanda, kijifuko kikaruka nje, simbi zikaonekana. Jenifer akaacha kuruka.

Kabla jua halijashuka ilikuwa inasemwa kwamba Shija anafaulu kwa dawa. Kesho yake ikaulizwa ni nani aliyemtengenezea. Keshokutwa wakawa na jibu. Ni yule bibi yake, si mnamwona macho yake yalivyo mekundu?

Nyanda ndiye aliyelisema kwa sauti, pale kwenye kituo cha kuuzia pamba, wanaume wakisubiri mizani. Alisema macho ya bibi yule yamempa wasiwasi siku nyingi. Mtu mwingine akaitikia. Mwingine akakumbuka ndama wake aliyekufa. Na ndama huyo alikufa kwa kupe, mwenye ndama mwenyewe alisema hivyo wakati ule.

Habari zikamfikia Milembe. Maneno ya namna hii aliyajua yanakwenda wapi. Alimkumbuka bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyekimbia kutoka kwake akiwa na kanga moja, na nyumba yake ikabaki haina paa. Naye walianza kwa kumsema macho mekundu, mpaka akaitwa mchawi.

Mwalimu wa darasa, Ladislaus, alimwita shuleni. Alikuwa mtu mpole kutoka Bukoba, hajamaliza mwaka Bariadi. Alikuwa amemvua Shija kijifuko; akakitoa kwenye droo, akakiweka mezani.

"Mama Shija, mimi najua humu mna penseli," alisema. "Lakini wazazi wamekuja, wamepiga kelele. Mkichome tu, yaishe."

"Mwalimu, kama unajua ni penseli, umewaambia?"

Mwalimu Ladislaus alikuna kidevu. Alisema yeye ni mgeni hapa, mambo ya imani za watu ni mazito, hataki kugombana na mtu. Milembe akakichukua kijifuko, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Basi mimi si mgeni," alisema. "Nitagombana."

Nyumbani, Mabula naye alikuwa upande wa kuchoma. Hakuwa mwoga, ila alimpenda mama yake na alihofia usalama wake. Alisema kijifuko ni kitambaa tu, kikichomwa hakuna kilichopungua. Milembe alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, na sauti yake ikafika kwa jirani.

"Nikikichoma nimekubali. Watasema, mmeona, wameiteketeza dawa, kwa hiyo ilikuwepo. Na mama yako watamwacha? Sikichomi, Mabula. Wanipige, wanitukane, sikichomi."

Jirani aliyesikia alikuwa Harieth, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mwenyeji wa Moshi, aliyepanga nyumba ya upande wa pili wa uzio wa minyaa. Alikuwa anakuja kuchukua maziwa yake ya jioni, chupa mkononi. Alisalimia kwa Kisukuma chake cha kuungaunga, "Mwadila," wakamwitikia, akaomba kukiona hicho kinachogombewa.

Alikigeuza, akakibonyeza, akacheka kidogo.

"Samahani, Mama Shija. Kosa si lako peke yako, lakini kosa lipo. Hiki kimeshonwa kama hirizi."

Milembe alitaka kumjia juu. Harieth akainua kiganja, akaeleza polepole. Kitu cheusi kinachofichwa chini ya nguo, chenye kitu ndani kisichoonekana, mtu yeyote wa hapa atakisoma hivyo. Watu wasipoona kilicho ndani hubuni. Kipochi cha shule kinatakiwa kikae mezani mbele ya kila mtu, kifunguke chote, kioneshe kila kilichomo, na kiwe na jina la mwenyewe.

"Na macho ya bibi?" Milembe aliuliza. "Nayo nimeyashona mimi?"

"Macho ya bibi ni moshi," Harieth alijibu. "Kapika kwa kuni maisha yake yote, jikoni kusiko na dirisha. Moshi unauchoma weupe wa jicho kila siku, mwisho wekundu hauondoki. Wewe mwenyewe ukikaa mle utakuwa hivyo. Apelekwe zahanati wamwangalie, na hapo jikoni toboeni dirisha."

Bibi Minza alikuwa anasikia yote. Alisema amekuwa akidai dirisha hilo tangu Mabula hajaoa. Mabula akaangalia pembeni.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Harieth alikuja na mkasi, chaki, sindano, na nyuzi za rangi. Alisema hawatanunua kitu. Mabula alitoa suruali ya jinzi iliyokwisha magotini, na sketi ya zamani ya Milembe ikatoa zipu nzima. Kanga iliyochanika ikawa bitana, yaani kitambaa cha ndani.

"Chukua penseli mpya, ndefu kuliko zote," Harieth alimwambia Shija. "Ilaze kwenye jinzi. Ongeza upana wa vidole viwili kila upande, kwa sababu mshono unakula kitambaa. Sasa chora."

Shija alichora kwa chaki, rula ikimteleza. Wakakata vipande viwili vya jinzi na viwili vya kanga, vyote sawa. Milembe alikwisha kutunga uzi, tayari kuviunganisha, Harieth akamshika mkono. Urembo kwanza, alisema, wakati kitambaa bado kimelala. Ukirembesha mfuko ulioshonwa tayari, sindano itakamata upande wa pili, na utajikuta umeshona mdomo.

Hapo ndipo lilipozuka jingine. Harieth alishauri waweke maua ya nyuzi na jina, basi. Simbi waziache, watu wapoe kwanza.

"Hapana," alisema Milembe.

"Mama Shija, nakushauri kwa wema."

"Najua. Dirisha umenifundisha, jinzi umenifundisha, zipu nitajifunza. Lakini simbi ni za mama mkwe wangu. Nikizitoa nimemtoa yeye. Zitakuwepo, na zitakuwa nje, juani."

Harieth aliokota simbi moja, akaigeuza. Halafu akasema kama ni hivyo, basi zikae vizuri. Akamuuliza Shija simbi zinafanana na nini. Shija aliangalia rundo la pamba pale barazani. Akachora kwa chaki mti wa pamba kwenye jinzi, matawi na majani, na juu ya kila tawi akaweka simbi moja, kama pamba iliyopasuka tayari kuchumwa. Matawi waliyadarizi kwa uzi wa kijani. Kila simbi ilikuwa imetobolewa mgongoni, kwa hiyo uzi ulipita katika tundu, ukarudi, ukapita tena mpaka simbi ikakaa imara. Chini ya mti wakadarizi jina, SHIJA, kwa uzi mwekundu. Bibi Minza hakuona vizuri kushona, lakini aliikagua kila simbi kwa kidole, na moja iliyolegea akaamuru irudiwe.

Kisha ikaja zipu. Waliweka zipu katikati ya jinzi na kanga, ukingo kwa ukingo, wakapiga bandi kwa hatua kubwa ili isihame, ndipo wakashona kwa hatua ndogo. Harieth aliwafundisha mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele, inarudi nusu ya hatua, inatokea tena mbele. Milembe aliuvuta mshono huo kwa nguvu zake zote, akaona hauachii. Alizitazama zile hatua zake za gunia kwenye kaniki, akaguna.

Wakageuza jinzi zitazamane ndani, urembo ukiwa umefichwa, na bitana vivyo hivyo, Shija akashona kuzunguka. Kwenye bitana aliacha nafasi ndogo ya kugeuzia. Alishona vizuri, ulimi nje, akakata uzi kwa meno. Alipotaka kukigeuza kikakataa. Zipu ilikuwa imefungwa.

"Kila anayeanza hufanya hivyo," Harieth alisema. "Kabla ya kushona pande za mwisho, fungua zipu nusu. Usipofungua, kipochi kinajifungia ndani kama mtoto mkaidi."

Shija alifumua upande mmoja, akafungua zipu, akashona tena. Safari hii kiligeuka. Kona zikasukumwa kwa ncha butu ya mwiko, ile nafasi ya bitana ikafungwa, na kipochi kikatoka kizima, cha buluu, na mti wake wa pamba. Shija akakifungua na kukifunga, akakifungua na kukifunga, mpaka baba yake akasema zipu itaisha kabla ya Jumatatu.

Milembe hakuwa amemaliza. Jumatatu hiyo kukawa na mkutano wa wazazi shuleni, naye akaenda akiwa amemshika mkono Bibi Minza. Mabula aliwafuata nyuma. Watu walipomwona bibi walijisogeza, benchi likabaki tupu upande wake. Bibi Minza alikaa katikati ya nafasi hiyo, akanyoosha miguu.

Ilipofika ajenda ya mengineyo, Milembe akasimama. Akakitoa kile kijifuko cheusi cha zamani, akakiinua juu. Watu wakavuta pumzi.

"Mnasema hii ni dawa. Nani amesema? Asimame."

Nyanda hakuwa mtu wa kujificha. Alisimama, kofia mkononi. Alisema hana ugomvi na mtu, ila kila mwenye macho anaona. Penseli zinaweza kuwa juu. Kilicho chini, kwenye kitako kile kilichotuna, ndicho wanachouliza.

Milembe alichukua wembe. Akakata mshono wa kiraka taratibu, hatua moja baada ya nyingine, mbele ya wote. Waliokuwa karibu walirudi nyuma, hata mwenyekiti wa kamati alisogeza kiti. Kiraka kikaanguka. Milembe akaingiza vidole, akavuta, akaenda mpaka mbele ya Nyanda akafungua kiganja.

"Wewe ni mkulima. Nitajie jina lake."

Nyanda alitazama. "Pamba," alisema.

"Sema wasikie wa nyuma."

"Ni pamba."

"Pamba ya shambani kwangu, ya kuzuia ncha ya penseli isivunjike. Nilishona vibaya, nakubali, nilishona kama mshona magunia. Lakini mwanangu amefaulu kwa sababu penseli yake haikupotea. Na kwa pamba hii mlitaka mama huyu alale porini."

Nyanda alikunjakunja kofia yake, akauliza kwa sauti ya chini kidogo, na zile simbi je? Hapo Bibi Minza akajibu mwenyewe, bila kusimama.

"Nilizivaa nikicheza ngoma, nikiwa msichana. Aliyekuwa akicheza upande wangu wa kulia alikuwa mama yako, Nyanda, naye alikuwa nazo nyingi kuliko mimi. Nenda kamuulize kama alikuwa mchawi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi. Nyanda akaketi. Shija naye akaitwa mbele na kipochi chake kipya, akakifungua, akakigeuza mdomo chini mezani. Zikaanguka penseli, kifutio, kichongeo, na karanga moja. Mwalimu Ladislaus alisimama bila kuombwa. Alisema alijua tangu siku ya kwanza na alinyamaza, na kwamba hilo halikuwa sawa. Akaomba Mama Shija na Harieth waje kipindi cha stadi za kazi, wafundishe darasa zima.

Milembe alikubali kwa sharti moja, kwamba mama mkwe wake aje naye akae mbele.

Wakaja wote watatu. Watoto walileta suruali za baba zao, mashati, mapazia, hata mfuko wa turubai. Wavulana walishona pamoja na wasichana, na mmoja alidarizi fahali mwenye pembe zilizotoka nje ya kitambaa. Karibu kila mtu alisahau kufungua zipu. Baada ya wiki chache Mwalimu Ladislaus alisema asubuhi zake zimepata utulivu, hakuna tena anayeinua mkono kusema hana penseli. Jikoni kwa Milembe ukutani pakatobolewa dirisha. Zahanati walimpa bibi dawa ya matone, wakamwambia wekundu wote hautaondoka ila maumivu yatapungua, na yakapungua.

Jioni moja Jenifer alifika uani, kipochi chake cha kitambaa cha shati kimekunjwa mkononi, bado hakijashonwa pande. Alipiga goti, akamwamkia Bibi Minza. Alisema anaomba simbi moja ya kushona mbele ya kipochi.

"Baba yako anajua umekuja hapa?"

"Ndiye aliyenileta. Yuko barabarani na baiskeli."

Milembe akatazama nje ya uzio. Nyanda alikuwa kweli amesimama pale, akijifanya kukagua mnyororo wa baiskeli. Milembe alifungua mdomo kusema acha akae huko huko, lakini bibi alimtangulia.

"Simbi zangu hazitolewi barabarani. Mwambie aje aombe mwenyewe."

Nyanda akaja. Alisalimia akiwa ameinamisha kichwa, akavuta kigoda, akakaa. Ilimchukua muda. Mwishowe alisema aliongea vibaya kituoni, na ameshakwenda kuwaambia wale wale, pale pale. Kisha akaomba simbi moja kwa ajili ya mtoto wake.

Bibi Minza alifungua kifuko chake, akachagua, akaiweka kwenye kiganja cha Jenifer. Halafu akachukua sindano na uzi, akampa Nyanda.

"Haya macho yangu mekundu hayaoni tundu," alisema. "Nitungie."

Nyanda alinyoosha uzi ukapita pembeni. Akanyoosha tena, ukapita pembeni. Milembe alirudi kwenye pamba yake, nyeupe huku, yenye madoa kule, wala hakwenda kumsaidia. Nyanda akailowanisha ncha ya uzi mdomoni, akasogea karibu na bibi penye mwanga, akajaribu tena.